Makaa Chini ya Injini

Kabla hata ya adhana ya alfajiri Mbarouk alikuwa ameshalala chali kwenye tope chini ya gari lake, akisukuma karai la makaa mpaka likae sawasawa chini ya tumbo la injini. Kipupwe mwaka ule kiliingia na hasira zake. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, lakini upepo wa kusi ulipita Shumba Viamboni ukichoma masikio, na wale wanaosema kisiwani hakuna baridi wangekuja walale pale chini kidogo na fulana iliyorowa, kisha ndiyo wazungumze.

"Bwana we, utaliunguza," alisema mkewe, Rahila, aliyekuwa amesimama juu yake na taa ya simu.

"Haliungui. Makaa hayana mwale."

"Na lisipowaka?"

"Litawaka."

Rahila akaisogeza taa karibu na karai.

Pikapu hiyo ya dizeli ilikuwa kuukuu kiasi kwamba rangi yake ya mwanzo ilikuwa jambo la ubishi. Hita zake, vile vijiti vinavyopasha moto ndani ya injini ili dizeli ishike, zilikufa zamani, na Mbarouk hakuzizika wala hakuzirithisha. Aliokota tu karai la kuchanganyia saruji akaligeuza jiko. Asubuhi zote za baridi ndivyo alivyoliwasha. Hilo lilikuwa limeshazoeleka kijijini, na watoto walikuwa wakimuuliza kama gari leo limeshapikwa. Shida ya safari hii ilikuwa nyengine. Dainamo nalo lilikufa wiki iliyopita, na lile alilotafutiwa Unguja lilikwama huko kwa sababu bahari ilichafuka. Bila dainamo betri haijichaji. Alikuwa ameipeleka kwa mjomba wake, Mzee Ngwali, kwenye umeme, ikakaa huko usiku kucha, na fundi aliyeipima alimwambia waziwazi kwamba betri ile imechoka na ina nguvu ya kuwasha mara moja tu. Ikiikuta injini baridi na oili nzito, itakwisha kwa kuizungusha bure. Ikiikuta ina joto, injini itashika hapo hapo, na dizeli ikishashika haihitaji umeme wa mtu. Ingekwenda mpaka Mkoani, mradi pasiwe na wa kuizima.

Na siku yenyewe haikuwa siku ya kubahatisha. Mama yake, Bi Mwanabaraka, alikuwa anakwenda Hija. Mwaka juzi alizuiwa na goti, mwaka jana akazuiwa na msiba wa nduguye, na mwaka huu kila kitu kilikuwa tayari, chanjo na hati ya kusafiria na jina kwenye kikundi cha mahujaji ambacho kingeruka kutoka Unguja usiku wa siku ileile. Boti ya kwenda Unguja ilikuwa moja tu, saa tatu asubuhi, na iliondokea Mkoani, ncha ya pili ya kisiwa. Akiikosa boti kaikosa ndege, na kwa umri wake hapakuwa na haja ya kuuliza habari za mwaka wa kesho.

"Tafuta gari nyengine," Rahila alimwambia wiki nzima. "Kule Konde zimejaa."

"Mamangu hapandi gari la mtu."

Basi akishasema hivyo, hata ungemletea ndege uwanjani asingekubali. Na kwa kweli haukuwa ukaidi mtupu. Mbarouk ndiye aliyebaki. Alipofaulu kwenda kusoma Unguja, baba yake akiwa kafa karibuni, mama alisema neno moja tu: "Na miye n'baki na nani?" Mbarouk akabaki. Wadogo zake wakasoma, wakatawanyika na vyeti vyao, yeye akajifunza dizeli. Hakuwahi kulalamika, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Lakini siku ya kumpeleka mama kwenye safari ya maisha yake, huyo wa kushika usukani asingekuwa mwengine.

Kulikuwa na jambo moja zaidi, nalo hakumwambia hata Rahila. Anayekwenda Hija huaga kwa kuomba radhi, na Bi Mwanabaraka aliomba kwa bidii ya mtu anayedeki nyumba. Alipita mlango kwa mlango. Alikwenda hata kwa Bi Asya, jirani yake, ambaye hawakuwa wakisemeshana tangu ugomvi wa mfenesi uliopo mpakani, akamwambia niwie radhi, na Bi Asya akajibu "Mungu akuwie radhi" huku akiendelea kuchambua mchele. Wote waliombwa. Mbarouk alingoja zamu yake. Aliingia chumbani kwa mama na kutoka, akijitungia kazi, mara balbu, mara komeo la dirisha, na mama akawa anamuuliza tu kama kala. Jambo hili lilimuuma kuliko alivyotaka kukubali.

Watu walipotoka msikitini walikuta uwanja unanukia udi kutoka ndani na moshi wa makaa kutoka nje. Mbarouk alishika tumbo la injini kwa kiganja, akahesabu pumzi zake, akaridhika. Akaliondoa karai. Akapanda, akasema bismillahi, akageuza ufunguo.

Stata iliguna mara moja, nzito, kwa kinyongo, na Mbarouk akakaza meno. Kisha injini ikakohoa, ikatoa wingu la moshi mweupe lililowafunika wazee wawili, ikashika. Watu wakacheka kwa furaha. Mbarouk akateremka huku mlango uko wazi, akasimama mbele ya kadamnasi kama anayetangaza vita.

"Jamani, sikilizani. Gari ino inapata moto. Asiiguse mtu. Ufunguo ule asiuguse hata malaika."

"Tumesikia, yakhe," alisema Mzee Ngwali. "Kwani nani akutilie mkono?"

Gari lilikuwa limeelekea njia kuu, na hilo nalo lina kisa chake. Siku zote Mbarouk hulilaza kichwa chini, nyuma ya nyumba, kwenye mteremko unaoshukia pwani, ili likigoma aliachie tu. Lakini jana wazee walikuja juu. Msafiri wa Hija, walisema, hatoki mlangoni kwake akarudishwa kinyumenyume. Akishaadhiniwa ile adhana ya kuagwa, nyuma yake pamefungwa, mpaka arudi hujaji. Gari ligeuzwe. Mbarouk aliligeuza bila ubishi, kwa sababu na yeye aliamini hivyo hivyo. Mbele ya gari sasa kulikuwa na njia ya udongo inayopanda taratibu mpaka barabarani.

Bi Mwanabaraka akatoka. Alikuwa kavaa buibui jipya, begani kaning'iniza mkoba mdogo wenye hati zake, na alivuka kizingiti kwa mguu wa kulia bila kutazama nyuma. Akasaidiwa kupanda, akakaa kando ya mwanawe, mapaja yamekusanyika, midomo inakwenda kwa dua. Mbarouk alikuwa kwenye usukani, mguu juu ya mafuta, injini inanguruma, kila kitu kiko sawa. Ilibaki adhana tu.

Mzee Ngwali akasimama nyuma ya gari, akatia vidole masikioni, akaanza.

Na hapo mkono wa Mbarouk ukafanya kitu peke yake.

Mtu aliyelelewa Shumba hafikirii akisikia adhana. Redio huzimwa, cherehani husimama, hata wanaogombana huwekeana kiporo. Bi Mwanabaraka mwenyewe alimfunza hayo kwa makofi alipokuwa mdogo, na tangu ashike usukani hapakuwa na kituo wala njiapanda ambapo adhana ilimkuta na injini inanguruma naye akaiacha. Mkono ulikuwa na desturi zake. Ulikwenda kwenye ufunguo kwa adabu, ukageuza, ukarudi pajani.

Uwanja ukatulia. Sauti ya Ngwali ilisikika safi, na mwanamke mmoja akaanza kulia kwa uzuri wake. Mbarouk naye aliona raha moyoni, raha ya kweli kabisa, kwa muda wa sentensi moja. Kisha akauona ule ufunguo umelala.

Alitaka kupiga kelele, lakini utapigaje kelele kwenye adhana? Alitaka kuwasha palepale, na shetani alimshauri hivyo, ila kuunguruma juu ya jina la Mwenyezi Mungu mbele ya mama yake anayekwenda Makka lilikuwa jambo ambalo mkono wake huohuo uligoma kulifanya. Akakaa. Ngwali hakuwa mtu wa haraka. Kila neno alilivuta mpaka mwisho wa pumzi, akapumzika, akavuta jengine. Adhana ilipokwisha akasimamisha ikama, ule wito wa pili. Ikama ilipokwisha akaomba dua, na kwenye dua akawataja wazee wote wa ukoo waliotangulia, na Mbarouk hakuwahi kujua kwamba ukoo wao ulikuwa na watu wengi hivyo. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile. Mama aliitikia amin, amin, macho kayafumba.

"Haya," alisema Ngwali akipangusa uso. "Nendani kwa salama."

Mbarouk akageuza ufunguo. Kitu kikalia tik ndani ya boneti. Akageuza tena. Tik. Taa za dashibodi zikafifia, zikazimika kabisa.

Rahila, aliyekuwa mlangoni, alijishika mdomo.

"Nani kazima?" aliuliza mtu.

"Miye," alisema Mbarouk.

Wakasukuma. Wanaume wote wa uwanjani waliweka mabega, wakasema bismillahi kwa pamoja, gari likapanda kidogo kwenye tope, likateleza, likarudi. Wakasukuma tena na makubadhi yakabaki udongoni. Hata walipolisogeza, mwendo ulikuwa wa jongoo, na alipoachia klachi injini iligoma tu na kuwatupa mbele wote. Rahila alipiga simu Konde kwa dereva mmoja. Kashapata abiria, yuko njiani kwenda Chake. Akampigia mwengine, simu inaita tu. Kijana mmoja akajitolea pikipiki yake.

"N'ende Makka kwa pikipiki," alisema Bi Mwanabaraka, "na goti hili? Mkanioshe mkanizike kabisa basi."

Ikabaki njia moja, na kila mtu aliiona. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mteremko. Gari lirudishwe kinyumenyume, lipite ubavuni mwa nyumba, liachiwe likishuka, na Mbarouk aliwashe kwa rivasi. Kijana wa pikipiki alifungua mdomo kulisema, na Mzee Ngwali akamkata kabla hajamaliza.

"Mtu kashaadhiniwa. Harudishwi mlangoni kwake."

"Mzee, ni hatua chache tu."

"Hata moja! Weye umemwona nani karudishwa akafika?"

Wakaanza kubishana. Wanawake nao wakaingia, wengine upande huu wengine upande ule, mmoja akakumbuka jamaa wa zamani aliyerudia miwani yake akafia Jidda, na mwengine akasema huyo hakufa, alichelewa tu kurudi. Kulikuwa kumeshapambazuka. Mbarouk alikaa na mikono juu ya usukani asijue amwangalie nani. Kosa ni lake, ukaidi ni wake, gari ni lake. Alijichukia waziwazi.

Mlango wa upande wa pili ukafunguliwa. Bi Mwanabaraka akashusha mguu mmoja, akashusha wa pili kwa kulishika goti, akajitengeneza buibui, akakaza mkoba begani.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Makka," alisema. "Miye n'shatoka. N'shaaga. Weye na gari yako rudini nyuma mkaogelee mkitaka. Miye nakwenda mbele."

Akaanza kuipanda njia. Alikwenda polepole, upande mmoja ukichechemea, bila kugeuza shingo. Wa kwanza kusogea alikuwa Bi Asya wa mfenesi. Alifungua mwavuli wake, akamkimbilia, akamshika mkono. Wakafuata wanawake wengine, kisha karibu kundi zima likamfuata likiitikia labbaika, kama ndiyo safari yenyewe imeanza.

Mbarouk alibaki na wanaume wanne, mkewe, na gari.

Walilirudisha kwa mikono mpaka ubavuni mwa nyumba, matako yakaelekea pwani. Mteremko ulikuwa mzuri lakini mfupi, na mwisho wake ulikuwa mchanga laini wa chini ya minazi. Gari likifika kule halijawaka, litakaa huko mpaka aletwe mwenye trekta. Akaachia breki. Gari likashuka, likashika kasi, akaachia klachi kwenye rivasi. Injini ikatikisika, ikapumua moshi kidogo, ikafa. Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Kijana wa pikipiki akarusha jiwe nyuma ya tairi. Walikuwa wametumia zaidi ya nusu ya mteremko.

"Twendeni tena! Liachie!"

Mbarouk aliteremka, akafungua boneti, akaishika injini. Lile joto alilolitafuta tangu usiku lilikuwa limepotea; upepo wa kusi na dua za ukoo mzima vilikuwa vimeshalila.

"Basi," alisema. "Tusiachie. Rahila, lete makaa."

"Makaa saa hizi?" alisema mmoja wa wanaume. "Mama yako anatembea kwa miguu, yakhe!"

"Najua anatembea. Injini baridi haishiki. Tukiachia tena bila ya moto tunakwenda mchangani. Rahila!"

Rahila alikuwa kashakimbia. Jikoni kulikuwa na sufuria la uji wa wageni. Aliliteremsha, akakumba makaa yote ya jiko kwenye karai, akaja nalo kwa kanga mikononi, macho yanamtoka machozi kwa moshi. Safari hii hakusema kwamba gari litaungua. Mbarouk akalala kwenye tope, akalisukuma karai mahali pake, akabaki amelala hapo hapo.

Hapakuwa na kazi nyengine isipokuwa kungoja, na hakuna kazi aliyowahi kuifanya ikamtesa kama ile. Juu yake Rahila alikuwa na simu sikioni na kila habari aliitoa kwa sauti. Wamefika barabarani. Kaambiwa apumzike, kakataa. Kapita msikiti. Goti linamuuma, Bi Asya anasema. Mbarouk alitia kiganja kwenye chuma, akakitoa. Bado. Wanaume walimzunguka, wakitazama juu ya njia, wakimtazama yeye. Mmoja alinong'ona kwamba huyu kachanganyikiwa. Kapita skuli, Rahila alisema, kaanza kuinama. Mbarouk alitia kiganja tena. Bado. Alitamani kulia, alitamani kulipiga gari lile mateke, na bado mkono wake ulibaki pale pale ukisikiliza chuma. Mkono huu umeniangamiza leo, alijiambia, na ndio huohuo utakaoniambia injini iko tayari.

Chuma kilipoanza kumchoma, akavuta karai, akatoka, akapanda.

"Toa jiwe."

Gari likashuka. Akaliacha lishuke zaidi ya pale walipotaka wenziwe, mpaka mmoja akapiga ukelele, mpaka akauona mchanga kwenye kioo. Akaachia klachi. Injini ikatikisika, ikajikaza, ikakohoa, na kisha ikanguruma kwa nguvu iliyowarusha kunguru kwenye minazi. Akakanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Tairi za nyuma zilisimama zikigusa mchanga.

Hakungoja kushangiliwa. Alipanda mteremko, akapita nyumba, akapita uwanja, akaingia barabarani na tope limemjaa mpaka kwenye nyusi. Alimkuta mama yake mbali kuliko alivyotarajia. Kundi lilikuwa limepungua. Waliobaki walikuwa wachache, na Bi Mwanabaraka alikuwa mbele yao wote, kamwegemea Bi Asya, anakwenda. Honi haikulia, kwa kuwa umeme haukuwapo. Aliposikia muungurumo hakugeuka. Alisimama tu, akangoja mlango umfikie.

"Nyuma sikurudi," mama alimwambia Bi Asya akipanda.

"Hukurudi, mwanangu," alisema Bi Asya, ambaye walikuwa rika moja. "Niombee."

Ndani ya gari lile, likiwa katika mwendo, mtu hasikii hata kikohozi chake. Mbarouk alipasua Konde, akashuka na kupanda vilima, akapita Chake, mguu wake hautoki kwenye mafuta hata anapopisha ng'ombe. Kizuizini askari alimpungia mkono. Akasimama, akiendelea kukanyaga mafuta.

"Zima gari!" alisema askari.

"Siwezi, afande!"

"Umesema?"

Mbarouk akamwonesha kwa kidole aliyekaa kando yake. Askari akachungulia, akaliona buibui jipya, tasbihi, kitambulisho cha mahujaji kifuani. Akaondoka dirishani, akanyanyua mti, na walipompita waliona viganja vyake viwili vimeinuliwa kwa kuomba aombewe.

Karibu na Mkoani simu yake ilianza kutikisika mfukoni. Ilikuwa Suhaila, mdogo wake, aliyekuwa akingoja bandarini na tiketi ili avuke na mama. Hakupokea. Alijua anasema nini. Alimtazama mama yake kwa pembe ya jicho. Uso ulikuwa umefungwa, midomo inakwenda. Kakasirika, alijiambia. Ana haki. Nimemtembeza kwa miguu siku ya Hija yake kwa ajili ya jeuri yangu. Na radhi sasa hataniomba, ila ni miye wa kumuomba.

Bandarini alilipeleka gari mpaka kwenye geti lenyewe, pale pasiporuhusiwa. Nyuma yake magari yakaanza kupiga honi. Suhaila alikuja mbio, akafungua mlango, akavuta begi nyuma, akapiga kelele ambazo Mbarouk hakuzisikia ila aliziona: wanatoa ngazi, wanatoa ngazi. Mlinzi wa geti naye alikuwa anapunga, ondosha, ondosha. Mbarouk alikuwa kashika usukani, mguu kwenye mafuta. Uwanja wa bandari ulikuwa tambarare kama sahani. Hapa likizimika, limezimika.

Mama akateremka. Suhaila akamshika mkono, wakaanza kwenda, na Mbarouk akaona mgongo wake unakwenda bila kugeuka, kama ilivyo desturi. Ndivyo basi, alijiambia. Kafika, inatosha.

Bi Mwanabaraka akasimama. Akautoa mkono wake kwa Suhaila. Hakurudi nyuma, alizunguka kwa mbele ya gari, polepole, kiganja kimeegemea boneti lenye moto, mpaka akafika dirishani kwa mwanawe. Akasema kitu.

Mbarouk aliona midomo inakwenda. Injini ilinguruma, honi zililia, boti nayo ikapiga king'ora chake. Mama akasema tena, macho yamemkazia. Mbarouk alitia sikio dirishani, hakusikia kitu. Suhaila alikuwa anarukaruka kule mbele.

Mkono wa Mbarouk ukaenda kwenye ufunguo. Safari hii aliujua unakwenda wapi. Akazima.

"Weye nilikuacha mwisho," mama alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya jikoni. "Wote wale n'liwaomba kwa maneno ya mdomo tu. Weye yako naijua. Ulifaulu, n'kakuzuia. N'kasema n'baki na nani. Niliogopa tu kukaa peke yangu, Mbarouk, na n'kakula maisha yako. Sikwendi mbele ya Al-Kaaba na hilo. Niwie radhi, mwanangu."

Mbarouk alitaka kusema hapakuwa na kosa lolote, kama wanavyosema watu. Alishindwa. Lilikuwepo, na wote wawili walilijua.

"Nimekuwia radhi, mama," alisema. "Na weye niwie radhi."

"N'shakuwia. Usitoke nje, tope hilo litanichafua." Akampitisha kiganja kwenye uso wake wenye matope, akajifuta palepale kwenye buibui lake jipya, akageuka kuelekea baharini. Suhaila akamdaka mkono, wakaenda nusu mbio, goti na yote, na mabaharia wawili waliokuwa wameshika ngazi wakaishusha tena kumpokea. Akapanda. Hakutazama nyuma.

"Wewe!" Mlinzi wa geti alikuwa kafika dirishani, mishipa imemsimama. "Washa gari, ondoka!"

"Haliwaki," alisema Mbarouk.

"Haliwaki vipi, na sasa hivi lilikuwa linawaka?"

"Nimelizima."

Mlinzi akamtazama mtu mzima huyo aliyejaa tope, analia waziwazi mbele za watu, akaivua kofia yake. Nyuma honi zilikuwa zinapigwa kwa zamu. Mbarouk akaweka gia huru, akateremka, akatia bega kwenye nguzo ya mlango, akaanza kusukuma. Baada ya muda alihisi gari limekuwa jepesi, na alipotazama aliona mlinzi yuko upande wa pili, kofia kaitia mfukoni, naye anasukuma.